REFA BILLY: Chupa ilimpasua fuvu, akarudi uwanjani

KAMA kuna kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayekukumbuka, na ukikosea mara moja unatukaniwa mpaka bibi yako, basi ni urefa. Mtu anaamka asubuhi, anakunywa chai yake, anavaa nguo safi, kisha anakwenda kusimama mahali ambapo maelfu ya watu wamelipa kiingilio na wanamsubiri akosee. Na hapo hajaambiwa kwamba mmoja wao ana chupa mkononi.

Wiki hii, msomaji wangu, nakuletea jamaa aliyeifanya kazi hiyo miaka 22 huko Marekani, enzi ambazo refa alikuwa hana mlinzi, hana msaidizi na hana marudio ya televisheni ya kumwokoa. Anaitwa Billy Evans. Mchezo wenyewe ni besiboli, ule wa rungu na kofia. Na urefa ni moja tu kati ya kazi zake! Alikuwa mwandishi wa habari, bosi wa timu, mkuu wa mpira wa vijana, kiongozi wa ligi, hata soka la Kimarekani lile la kubebana alilionja. Kila alipofukuzwa au kuondoka, alitokea kwingine na suti yake imepigwa pasi.

Alikwenda kuandika, akaishia kuamua

Billy alizaliwa Chicago tarehe 10 Februari 1884, akakulia Youngstown katika jimbo la Ohio, mji wa viwanda vya chuma. Hakuwa mtoto wa mtaani. Alifika mpaka Chuo Kikuu cha Cornell, na huko alikuwa mwanamichezo. Lakini baba yake akafariki na mambo yakabadilika. Kijana akaacha chuo, akarudi nyumbani, akapata kibarua katika gazeti la mjini, Youngstown Vindicator, kuandika habari za michezo.

Mwaka 1903 alikwenda kiwanjani kama kawaida yake, daftari mfukoni. Refa wa siku hiyo hakutokea. Wakubwa wa timu wakaangalia huku na huko, wakamwona mwandishi kijana, mwenye umbo kubwa na nguo nadhifu, ambaye angalau anaijua sheria. Wakamwomba awasaidie. Billy akakataa. Wakamwambia kuna dola 15. Billy akakubali!

Usicheke. Dola 15 za mwaka ule kwa mwandishi chipukizi zilikuwa pesa ya maana, na ilikuwa kazi ya saa mbili tu. Mimi mwenyewe ninayeandika haya, ukinitajia hesabu ya namna hiyo, nitavaa kofia sasa hivi.

Tangu hapo akawa anachezesha ligi ndogo za huko kwao. Bahati yake ni kwamba Jimmy McAleer, mzaliwa wa Youngstown aliyekuwa anaiongoza timu ya St. Louis Browns katika ligi kuu, alimwona akifanya kazi, akapeleka jina lake kwa Ban Johnson. Huyu Johnson ndiye aliyekuwa mkuu wa American League, mtu mnene, mkali, asiyetaniwa. Mwaka 1906 akamwita Billy. Alikuwa na miaka 22. Hakuna refa mwingine aliyewahi kuingia ligi kuu ya besiboli akiwa na umri mdogo hivyo. Tena alikuwa hajawahi kucheza mchezo huo kwa malipo hata siku moja, wakati marefa wengi wa siku zile walikuwa wachezaji wastaafu.

Kazi yenyewe ilikuwaje?

Hapa inabidi nikueleze kidogo, maana bila hivyo hutaona ugumu wake. Katika besiboli mrushaji anasimama mita 18 kutoka kwa mpigaji, anavurumisha mpira mgumu kama jiwe. Refa anachuchumaa nyuma ya mdakaji na kuamua, kila unaporushwa, kama ulipita juu ya kibao cha chini na katikati ya magoti na kifua cha mpigaji, au ulikwenda pembeni. Mirusho katika mechi moja inafika mamia. Kila mmoja una uamuzi wake, na kila uamuzi una mtu wa kuukasirikia.

Hiyo ni nusu tu. Mpira ukipigwa, mkimbiaji anatimua mbio kwenda kwenye besi, na refa huyo huyo anatakiwa ajue nani kawahi, mguu au mpira. Wengine wanakimbia upande wa pili kwa wakati ule ule. Siku hizi mechi ya kawaida ina marefa wanne, mmoja kwa kila besi, na kuna kamera. Enzi za Billy mara nyingi alikuwa peke yake. Wajanja walikuwa wanalijua hilo: refa akigeuza shingo tu, mkimbiaji anakata kona bila kugusa besi, au mlinzi anamshika mkanda wa suruali asikimbie. Kuna kipindi Billy alichezesha siku saba za mechi mbilimbili ndani ya siku nane, peke yake. Hesabu mwenyewe magoti yake yalikuwaje.

Kuhusu usalama, miaka ya 1890 refa kupigwa lilikuwa jambo la kawaida. Wengine waliamua kujibu. Tim Hurst, aliyekuwa pia refa wa ngumi, alirushiwa bilauri ya bia huko Cincinnati mwaka 1897. Naye akaiokota, akairudisha jukwaani. Bahati mbaya ikampata mtu mwingine kabisa, polisi wakamkamata refa! Ban Johnson alipoanzisha ligi yake kama ligi kuu mwaka 1901, moja ya ahadi zake ilikuwa kwamba marefa wake wataheshimiwa, na mchezaji atakayemgusa refa atakiona. Aliisimamia, lakini mkono wake haukufika jukwaani.

Chupa ya soda

Tarehe 15 Septemba 1907, msimu wa pili wa Billy, alikuwa St. Louis. Wenyeji Browns walikuwa wanacheza mechi mbili siku hiyo na Detroit Tigers, waliokuwa wanakimbizana na ubingwa. Uwanja ulijaa. Soda zilikuwa zinauzwa majukwaani kwenye chupa za vioo, kitu ambacho leo hata mlinzi wa getini usingizini angekizuia.

Katika mechi ya pili Billy alitoa uamuzi, watu wakachachamaa. Kelele, matusi, vitu vikaanza kuruka. Chupa moja ikatoka jukwaani, ikampiga kichwani. Akaanguka hapo hapo, hajitambui. Fuvu lilikuwa limepasuka. Alikimbizwa hospitali na ilihofiwa kwamba hatapona. Aliyeirusha alikuwa kijana wa miaka 17. Billy mwenyewe alikuwa na 23 tu, yaani hawakupishana hata miaka saba, aliyerusha na aliyerushiwa.

Sasa jiulize wewe. Umeponea chupuchupu, una elimu ya chuo kikuu, unajua kuandika, gazeti lolote la Ohio litakupa meza na kiti. Ungerudi? Mimi nasema ukweli, ningetafuta meza. Billy alirudi. Msimu uliofuata alikuwa nyuma ya mdakaji kama vile hakuna kilichotokea, kichwa kilekile mbele ya majukwaa yaleyale.

Na mwaka 1909, akiwa na miaka 25, alipewa fainali ya ubingwa, ile ambayo Wamarekani wanaiita World Series, yaani ya dunia, ingawa timu zote ni zao. Huko Pittsburgh, kwenye uwanja mpya wa Forbes Field, zilikuwa zimeongezwa benchi za muda kwa sababu ya wingi wa watu. Katika mechi ya pili Dots Miller wa Pittsburgh akapiga mpira ulioangukia huko karibu na mstari. Ndani au nje? Uwanjani walikuwa marefa wawili, Billy na Bill Klem, ambaye baadaye alikuja kuitwa baba wa marefa. Wakaangaliana. Hakuna aliyeona!

Unajua walichofanya? Walikwenda mpaka jukwaani wakawauliza washabiki mpira umetua wapi. Washabiki wa Pittsburgh hao, kuhusu mpira wa Pittsburgh. Wakaonyeshwa mahali, uamuzi ukatolewa, mchezo ukaendelea. Unaweza kuwacheka, lakini aibu ile ilizaa kitu: katika fainali hizo hizo marefa wawili wa akiba waliokuwa wamekaa tu wakaingizwa uwanjani kusimamia mistari, na kwa mara ya kwanza mechi ya fainali ikawa na marefa wanne. Kama wangejifanya wameona, pengine tungekaa miaka mingi zaidi na wawili.

Alivyozichapa na Ty Cobb

Ty Cobb wa Detroit alikuwa mpigaji hatari kuliko wote wa zama zake, na alikuwa na hasira za karibu. Alipigana na wachezaji wenzake, alipigana na washabiki. Zamu ya Billy ilifika tarehe 24 Septemba 1921 mjini Washington. Cobb, ambaye wakati huo alikuwa mchezaji na pia kocha wa timu, hakuridhika na uamuzi mmoja, akamwahidi refa kipigo mechi ikiisha. Refa mwingine angepita mlango wa nyuma. Billy akamwambia wakutane.

Wakakutana chini ya jukwaa, wachezaji wa timu zote wakafanya duara kama ulingo. Inasimuliwa kwamba Billy, kijana wa chuo, alipendekeza wafuate kanuni za ndondi, na Cobb akajibu kwamba yeye akipigana anapigana kuua. Haikuwa ndondi. Walibingirishana mchangani mpaka Cobb akawa juu, mikono shingoni mwa refa, ndipo watu wakaingilia. Kesho yake Billy alitokea kazini na plasta usoni, akachezesha.

Fainali iliyopikwa

Lakini kwangu mimi, mtihani mkubwa wa Billy ulikuwa wa mwaka 1919, na haukuwa na ngumi. Mwaka ule alikuwa mmoja wa marefa wanne wa fainali kati ya Chicago White Sox na Cincinnati Reds. White Sox walitarajiwa kushinda kirahisi, wakafungwa mechi tano kwa tatu. Mwaka uliofuata siri ikavuja: wachezaji wanane wa Chicago walidaiwa kushirikiana na wacheza kamari ili timu yao ifungwe. Mahakama iliwaachia mwaka 1921, lakini wakubwa wa besiboli wakawafungia maisha wote wanane.

Sasa, mtu aliyekuwa karibu kuliko wote ni refa. Anasikia mpaka pumzi ya mdakaji. Billy alipoulizwa angeweza kusema mengi. Angeweza kusema alihisi, kwamba harufu ilikuwepo ila hakutaka kuongea. Waandishi wengi walisema hivyo, na yeye pia alikuwa mwandishi! Badala yake alikubali hadharani kwamba yeye ndiye mjinga, kwa sababu fainali ile aliiona ni safi tu.

Ukishakuwa refa wa ligi kuu, kusema "sikuona" ni sawa na fundi saa kusema hajui saa ngapi. Yeye alilisema, na hakuna aliyemwondoa kazini. Mwaka 1923 alipewa fainali nyingine, ya sita na ya mwisho kwake.

Kalamu haikulala

Wakati wote huo alikuwa anaandika. Mchana refa, usiku mwandishi. Katika miaka ya 1920 safu yake ilikuwa inasambazwa kwenye magazeti ya miji mbalimbali, akieleza sheria za mchezo, akichambua wachezaji, akijibu maswali ya wasomaji. Mtu angeweza kumtukana Jumamosi uwanjani na kumsoma kesho yake mezani. Leo tungesema ana migongano ya maslahi, na labda ingekuwa kweli. Siku zile hakuna aliyejali.

Kilichowashangaza watu ni mwaka 1927. Tajiri Alva Bradley na wenzake waliinunua timu ya Cleveland Indians, inayoitwa Cleveland Guardians tangu msimu wa 2022. Walimchukua Billy awe meneja mkuu. Anahesabiwa kuwa mtu wa kwanza kuwa na cheo hicho kwa jina hilo katika ligi kuu, cheo ambacho leo timu nyingi zinacho. Kutoka kutukanwa na wachezaji mpaka kuwasainisha mikataba! Katika miaka yake Cleveland ilimpata Earl Averill, mpigaji aliyekuja kuingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli mwaka 1975. Ubingwa hawakuupata. Halafu uchumi wa Marekani ukaanguka, pesa zikawa ngumu, na mwaka 1935 Billy akaondoka.

Boston Red Sox wakamchukua kusimamia timu zao za vijana. Hapo ndipo ilipotokea habari inayoniuma kila nikiisoma. Huko Louisville, jimbo la Kentucky, kulikuwa na kijana mdogo wa umbo, Harold Reese, wenyewe wakimwita Pee Wee. Billy alimwona, akasema huyu ndiye. Mwaka 1938 upande wa Red Sox ukashiriki hata kuinunua timu ya Louisville, na Reese alikuwa sababu kubwa.

Tatizo ni kwamba namba ya Reese pale Boston ilikuwa inachezwa na Joe Cronin, na Cronin ndiye alikuwa kocha! Yaani unamletea mtu kijana wa kumweka benchi halafu unamwomba ampige muhuri. Cronin hakuvutiwa, na mwaka 1939 Reese akauzwa kwenda Brooklyn Dodgers. Billy alipinga. Mwaka 1940 kibarua chake Boston kikaota nyasi.

Hapo ndipo panapochekesha na kuliza. Akiwa refa, Billy alikuwa akikosea neno lake ndilo la mwisho, hata Ty Cobb alikuwa hana la kufanya ila kungoja nje. Akiwa ofisini, ameona sawasawa, hakuna aliyemsikiliza. Reese akawa nahodha wa Brooklyn. Mwaka 1947, Jackie Robinson alipoingia timu ile na kuwa mchezaji wa kwanza mweusi katika ligi kuu tangu karne iliyotangulia, Reese alikuwa mwenzake uwanjani. Red Sox waliomwuza walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu 1918, na hawakuutwaa tena mpaka 2004.

Mzee haachi

Mwaka 1941 Billy akahamia kwenye soka la Kimarekani, meneja mkuu wa Cleveland Rams, akakaa mwaka mmoja tu. Kuanzia 1942 akawa rais wa ligi ya kusini, Southern Association, wakati vita vikichukua wachezaji kwenda jeshini. Mwaka 1946 Detroit Tigers wakamwita awe meneja mkuu. Ndiyo, Detroit ile ile ya Cobb! Mwaka 1947 akatoa kitabu cha kuwafundisha marefa kazi, maana siku zote alilalamika kwamba watu wanatupwa uwanjani bila kufundishwa, kama alivyotupwa yeye kule Ohio. Mwaka 1950 Tigers walimaliza wa pili, mechi tatu nyuma ya New York Yankees, na 1951 akaachia ngazi.

Oktoba 4, 1955, Brooklyn walikuwa wanaongoza katika mechi ya saba ya fainali dhidi ya Yankees. Walikuwa hawajawahi kuwa mabingwa hata mara moja. Alibaki mtu mmoja wa kutolewa. Mpira ukapigwa chini ukamwendea Pee Wee Reese, akauokota, akaurusha kwenye besi ya kwanza. Mchezo umekwisha, Brooklyn mabingwa.

Billy Evans alikuwa na miaka 71. Alifariki Miami tarehe 23 Januari 1956. Jumba la Mashujaa lilimwingiza mwaka 1973, refa wa tatu tu kupata nafasi hiyo, baada ya Bill Klem na Tommy Connolly. Reese alimfuata mwaka 1984.